Uzito hauko kwenye kitufe cha volumu: bendi ya roki inaporudi kwenye muziki mzito

Septemba 2008 Metallica, bendi ya muziki mzito ya Marekani, walitoa Death Magnetic, albamu iliyokuwa imesubiriwa kwa miaka mitano, na ndani ya siku chache wasikilizaji wao waligundua jambo lisilo la kawaida. Nyimbo zile zile zilikuwa zimewekwa pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, na kwenye mchezo zilisikika vizuri kuliko kwenye CD. Kwenye mchezo ngoma zilipiga, besi ilikuwa na mahali pake, gitaa lilikata bila kuumiza masikio. Kwenye CD vyote vilikuwa vimesongamana mlangoni, kila kimoja kikipiga kelele, hakuna kilichopita. Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka albamu imaliziwe upya, yaani sauti yake isawazishwe tena kabla ya kuuzwa. Na hii ndiyo albamu iliyopokelewa duniani kote kama kurudi kwa Metallica kwenye uzito wao wa zamani.

Ninaanzia hapo kila ninapoulizwa swali ambalo wapenzi wa roki wa Lubumbashi, wachache lakini wenye moyo, huulizana mara kwa mara: "Yaya, banasema ile orchestre imerudia muziki ya nguvu. Njo kusema nini?" Ni swali la haki. Kila mwaka bendi fulani kubwa hutangaza kwamba imeacha ulaini na inarudi kwenye sauti nzito, na kila mwaka nusu ya mashabiki hufurahi na nusu nyingine husema wamedanganywa. Wote wanasikiliza albamu moja. Wanagombana kwa sababu neno "nzito" limebeba mambo manne au matano tofauti, na bendi inaweza kurudisha matatu ikasahau la nne.

Kwetu swali linahitaji maelezo zaidi kwa sababu masikio yetu yamelelewa na gitaa linalopanda juu. Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na kila noti ilitoka safi, imetengana na jirani yake. Rumba ikaendelea na njia hiyo: solo inang'aa, akompa, gitaa la kusindikiza, inazunguka chini yake, na katikati kuna mi-composé, gitaa ambalo uzi wake wa nne umeondolewa na kuwekwa uzi mwembamba uliopandishwa oktava nzima. Sebene, ile sehemu ya kucheza, ikikolea, gitaa huimba huko juu kabisa. Roki nzito inafanya kinyume. Inashuka, na hicho ndicho kitu cha kwanza ndani ya neno "nzito".

Aliyeishusha zaidi kuliko wote ni Tony Iommi wa Birmingham, mji wa Uingereza ulioishi kwa viwanda vya chuma kama Lubumbashi ilivyoishi kwa kuyeyusha shaba. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kabla ya kuondoka kwenda kupiga muziki, mashine ya kukata bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatwa ndivyo alivyotumia kubonyeza nyuzi. Alijitengenezea vikofia vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa na kipande cha ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizoumiza, na baadaye akaanza kuzilegeza. Kwenye Master of Reality ya mwaka 1971, albamu ya tatu ya Black Sabbath, sehemu kubwa ya gitaa ilikuwa imeshushwa nusu-toni tatu. Uzi wa sita wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Wa Iommi ulishuka hadi kama 69. Uzi uliolegea unapinda, unayumba, unachelewa kidogo kutulia, na ile hali ya kuchelewa ndiyo watu walioisikia wakaiita uzito.

Tangu hapo wengi wamedhani kwamba kulegeza nyuzi kunatosha. Hakutoshi, na ushahidi bora unatoka kwa Metallica wenyewe. St. Anger ya mwaka 2003 ilipigwa kwa nyuzi zilizoshushwa kuliko albamu yoyote waliyowahi kutoa. Ilikuwa na hasira na mwendo wa kasi, tena haikuwa na hata solo moja ya gitaa. Lars Ulrich alipiga ngoma ndogo huku waya za chini yake zimefunguliwa, ikalia kama sufuria tupu. Wengi waliisikiliza mara moja wakairudisha kwenye kasha. Death Magnetic, iliyofuata, kwa sehemu kubwa ilirudisha nyuzi mahali pake pa kawaida, juu zaidi, na bado kila mtu alikubali kwamba nyimbo zake zilikuwa nzito kuliko zile. Hapo hesabu ya mitetemo kwa sekunde inakwama.

Cha pili ni distoshani, ile sauti ya kuungua ambayo mama zetu hudhani ni spika iliyopasuka. Hawakosei sana. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks aliipasua spika ya ampli yake kwa makusudi ili apate sauti hiyo. Ampli inapolazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, na kila noti huzaa noti nyingine nyingi juu yake. Noti hizo za ziada zinafanya kazi ambayo wengi hawaijui. Spika ndogo ya simu haiwezi kabisa kutoa mitetemo 82 kwa sekunde, ila inatoa zile za juu zilizozaliwa nayo, na ubongo ukizisikia kwa mpangilio ule hujaza wenyewe noti ya chini ambayo haipo. Ndiyo maana kijana mwenye simu ya bei ndogo pale Katuba, hapa Lubumbashi, anaweza kusikia gitaa zito bila besi hata kidogo. Distoshani pia inawalazimisha wapigaji kupunguza vidole: kodi kamili, yaani noti tatu zinazopigwa pamoja, ikipita kwenye ampli inayoungua hugeuka matope, kwa hiyo hubakizwa noti mbili tu, ya mzizi na ya tano. Wanapiga kidogo ili wasikike wengi.

Sauti hii si ngeni Kongo, kwa jinsi ninavyoona. Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi la Mingiedi Mawangu, walikuza likembe zao, vinanda vidogo vya kupigwa kwa vidole gumba, kwa maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vyuma vya magari, na uchafu wa sauti uliotoka waliupokea, wakautumia kama sehemu ya muziki. Albamu yao Congotronics ilipoenea Ulaya na Marekani katikati ya miaka ya 2000, watu wa roki walikuwa kati ya wale walioshtuka kwanza.

Cha tatu ndicho ninachokipigania, na ndicho kinachosahaulika haraka: nafasi. Pigo huhesabika kuwa zito kwa sababu ya ukimya uliolitangulia. Mpiga gitaa wa metali, yaani roki nzito, huweka ukingo wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa ili kila noti ife mara tu inapozaliwa, na kati ya noti na noti kunakuwa na shimo. Ngoma ya mguu inaingia ndani ya shimo hilo. Ondoa shimo, na hata uwe na ampli mia moja, kitakachobaki ni ukuta. Bill Ward, mpiga ngoma wa kwanza wa Black Sabbath, alikuwa mtu wa jazi. Alipiga akichelewa kidogo nyuma ya gitaa, akiacha mambo yapumue. Sabbath wa mwanzo, kwa masikio ya leo, hata hawana sauti kubwa sana. Lakini wana kilo.

Sasa turudi kwenye CD ile. Rick Rubin, prodyuza wa Death Magnetic, aliwataka Metallica wafikirie tena jinsi walivyokuwa wakitunga wakati wa Master of Puppets, albamu yao ya mwaka 1986. Lilikuwa agizo zuri. Tangu albamu yao nyeusi ya mwaka 1991, iliyotengenezwa na Bob Rock na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 16 Marekani peke yake, walikuwa wamefupisha nyimbo na kuzirahisisha. Load ya 1996 na Reload ya 1997 ziliwapeleka mbali zaidi, kwenye bluzi na roki ya barabarani. Mwaka 2008 nyimbo zikarudi kuwa ndefu: nyimbo 10 kwa karibu dakika 75, zinabadilika mwendo katikati, solo za Kirk Hammett zimerudi, Robert Trujillo yuko kwenye besi kwa mara ya kwanza kwenye albamu ya studio ya bendi hii. Kazi ya kutunga ilikuwa imefanyika.

Kilichoharibika ni hatua ya mwisho. Sauti ya kidijitali ina dari: ikifika hapo haiwezi kupanda tena. Ukitaka wimbo wako usikike mkubwa kuliko wa jirani redioni au garini, unabana vilele vyake, kisha unainua kila kilichobaki hadi darini. Ukifanya kwa kiasi, hakuna anayelalamika. Ukizidisha, pigo la ngoma na mnong'ono wa gitaa vinakuwa na kimo kimoja, na vilele vilivyogonga dari vinakatwa, vinatoa mikwaruzo. Ni sawa na mhubiri anayepaza sauti kuanzia salamu hadi amina: anapofika kwenye neno la kutisha hana tena pa kupandia. Ted Jensen, aliyeimalizia albamu, alieleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa. Waliotengeneza mchezo wa video walikuwa wamepewa rekodi kabla ya ubanaji huo, kila chombo kwenye njia yake, ndiyo maana za kwao zilipumua. Kwa hiyo kulikuwa na Death Magnetic mbili. Moja ilikuwa imerudi kwenye uzito. Nyingine ilikuwa imerudi kwenye kelele, na hiyo ndiyo iliyouzwa madukani.

Bendi huacha uzito kwa sababu nyingi, na si zote ni pesa kama wanavyodai mashabiki wenye uchungu. Mtu wa miaka 22 anapiga kwa kasi kwa sababu mwili wake unataka kasi. Akifika 35 amesikia muziki mwingine, koo limechoka, na hana tena mtu wa kumkasirikia. Mikael Åkerfeldt wa Opeth, bendi ya Sweden, ni mfano ninaouheshimu. Alikuwa na mojawapo ya sauti za kunguruma zenye kina katika metali, ile inayotoka kwenye mikunjo ya koo iliyo juu ya nyuzi za sauti zenyewe. Baada ya Watershed ya mwaka 2008 akaacha kunguruma. Albamu nne zikafuata, kuanzia Heritage ya 2011, zote kwa kuimba kwa sauti safi, na watu wakamlilia arudi. Hakurudi kwa kulilia kwao. Alirudi Novemba 2024 na The Last Will and Testament, albamu inayosimulia familia iliyokusanyika kusomewa wosia wa baba yao katika miaka ya 1920, na baba huyo mkali alihitaji sauti ya kutisha. Kunguruma kukawa na kazi ndani ya hadithi. Ukiisikiliza, si kama kumwona mtu anayevaa tena nguo za ujana wake.

Linkin Park walirudi kwa hasira zaidi. Mwaka 2014 Mike Shinoda alikuwa ameshaandaa nyimbo za mwelekeo mwingine, akazitupa kwa sababu aliona redio imejaa muziki wa namna hiyo, na The Hunting Party ikatengenezwa kwa gitaa la mbele na ngoma za kasi. Miaka mitatu baadaye wakatoa One More Light, laini kuliko zote. Kurudi kwenye uzito si kiapo.

Black Sabbath ndio waliofika karibu zaidi na ninachokiita kurudi kamili, na hata wao walikosa kitu kimoja. Kwa ajili ya 13, iliyotoka Juni 2013, Rubin huyo huyo aliwakalisha wakasikiliza albamu yao ya kwanza ya mwaka 1970, ili wakumbuke walivyokuwa kabla hata ya jina la metali kuwepo: watu wanne chumbani, wakirekodi karibu kila kitu kwa siku moja. Iommi alikuwa akitibiwa saratani ya limfu wakati albamu ikitengenezwa, akapiga mistari ya gitaa ambayo kijana yeyote angeiuza nyumba kuipata. Albamu ikashika namba moja Uingereza, jambo ambalo halikuwa limewatokea kwa miaka 43. Lakini Bill Ward hakuwepo, kwa ugomvi wa mkataba. Brad Wilk wa Rage Against the Machine alikaa kwenye ngoma, na ni mpigaji hodari, anapiga sawasawa na saa. Ile hali ya kuchelewa nyuma ya gitaa haikuwepo. Gitaa lilirudi, sauti ya Ozzy Osbourne ilirudi, na mahali fulani katikati ya nyimbo sikio langu linaendelea kumngoja Ward. Uzito ule ulikuwa wa watu wanne.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Bendi inaweza kununua tena ampli za zamani, kulegeza nyuzi na kumrudisha prodyuza. Namna ya kupiga pamoja, kitu cha nne, ndiyo ngumu kuirudisha, kwa sababu iliishi kati ya watu, na watu huondoka.

Kwa sisi wa Lubumbashi mfano wa mwisho uko karibu kuliko Birmingham au San Francisco. Ukivuka Kasumbalesa, kilomita kama 90 kutoka hapa, unaingia kwenye Copperbelt ya Zambia, mgodi mmoja na wetu uliokatwa na mpaka. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana walichukua gitaa la fuzi, lile la sauti ya kuungua, la Waingereza na Wamarekani, wakalichanganya na midundo ya kwao, ukazaliwa muziki ulioitwa Zamrock. Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya, na juu yao wote WITCH, wakiongozwa na Emmanuel "Jagari" Chanda, aliyekulia Kitwe. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ametaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, na mishahara ya shaba ililipia vyombo na tiketi za dansi.

Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo hiyo. Vita vya ukombozi vya majirani vilileta amri za kutotoka nje usiku, wanamuziki wakahamia maonyesho ya mchana. Jagari aliondoka kwenye bendi akaenda kusomea ualimu wa muziki. WITCH waliobaki waligeukia disko, wakiwa na kinanda cha Patrick Mwondela mbele badala ya gitaa la kuungua. Siwalaumu. Dansi zilitaka disko, na mtu hupiga kinachomlisha. Baadaye ukimwi ukawapitia wenzao wa Zamrock vibaya sana, na kufikia miaka ya 2000 karibu wote waliopiga na Jagari kwenye safu ya kwanza walikuwa wamefariki, yeye akichimba mawe ya thamani.

Albamu ya Zango ilitoka Juni 2023, ya kwanza ya WITCH tangu miaka ya 1980, na gitaa la fuzi limerudi. Kwa kipimo cha Bill Ward hili halikupaswa kufaulu: Jagari na Mwondela ndio wanabendi wa zamani waliokuwepo, na wapigaji wengine ni vijana wa Ulaya, akiwemo Mholanzi Jacco Gardner kwenye besi. Lakini wao walisafiri na Jagari jukwaani miaka kadhaa kabla ya kuingia studioni Lusaka. Walijifunza kupiga pamoja kwanza, wakarekodi baadaye. Ndani ya Zango utamsikia pia Sampa the Great, rapa aliyezaliwa Zambia na mwenye umri wa kuwa mjukuu wa Jagari, na disko ya Mwondela haikufichwa, iko pale ikipigana na fuzi. Hawakujifanya kwamba miaka ya katikati haikuwepo. Juni 2025 wakatoa nyingine, Sogolo. Kati ya kurudi kote nilikoeleza hapa, huku ndiko ninakokupenda zaidi, na sioni aibu kusema kwamba ujirani una sehemu yake katika pendo hilo.

Sasa namna ya kusikiliza, kwa mwenye simu na spika ya bluetooth. Faili la nyimbo linalopita kwenye simu kumi limebanwa tena na tena, kwa hiyo usihukumu albamu kwa nakala hiyo. Tafuta YouTube au Spotify siku intaneti inapokubali. Majukwaa hayo hupunguza yenyewe nyimbo zilizozidi kiwango, hivyo hila ya kubana ili usikike mkubwa haina faida huko. Tumia earphone za waya. Weka wimbo wa albamu ya zamani ya bendi hiyo, kisha wa mpya, kwa volumu moja. Usisikilize gitaa kwanza, litakupumbaza. Sikiliza ngoma ya mguu pale gitaa linapokuwa halijaingia, kisha uifuate baada ya gitaa kuingia. Kama bado unaihesabu pigo kwa pigo bila kuitafuta, kuna nafasi kwenye rekodi hiyo. Ikiwa imemezwa kuanzia sekunde ya kwanza, jaribu kutafuta onyesho la jukwaani la wimbo huo huo kabla hujaamua kwamba bendi imeshindwa, maana huenda waliipiga vizuri na ikaharibiwa na aliyeimalizia.